Jinsi ya Kuandaa Shindano la Kirafiki la Kukata Chupa za Plastiki kwa Upanga

Shindano la kukata chupa kwa upanga linaweza kuandaliwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kumkabidhi kila mtu upanga, kumwacha apige kwa nguvu zake zote, kisha kumshangilia aliyeirusha chupa mbali zaidi na kumwaga maji mengi zaidi. Ya pili ni kupima jambo moja tu, yaani kama makali ya upanga yalikuwa yametangulia sawasawa katika njia ambayo upanga wenyewe ulikuwa ukiipita. Mwongozo huu unahusu namna ya pili. Ile ya kwanza haina mshindi wa kweli, na mara nyingi huishia kwa upanga uliopinda au kwa mtu aliyejeruhiwa.

Zoezi lenyewe si geni. Wanaojifunza upanga wa Kijapani huliita tameshigiri, na shabaha yao ya kawaida siku hizi ni mkeka wa tatami uliokunjwa kama gogo na kulowekwa majini. Vikundi vinavyofufua mbinu za kale za upanga wa Ulaya vimeuchukua mkeka huohuo kwa mashindano yao. Mkeka ni shabaha nzuri, lakini maandalizi yake ni marefu, na kwa kuwa huchomekwa kwenye kigingi, hata pigo lisilonyooka huweza kuzama ndani yake na kuonekana kama mkato. Chupa ya maji haichomekwi popote. Imesimama kwa uzito wake tu, kwa hiyo bapa la upanga likiigusa kabla ya makali, chupa huruka na kosa huonekana na kila mtu uwanjani.

Kuchagua na kujaza chupa

Chupa tupu haifai. Uzito wake ni wa gramu chache, na upanga ukiigusa huikimbiza kabla makali hayajaipenya. Maji huondoa udhaifu huo kwa njia mbili: huipa chupa uzito wa kuibakiza mahali pake kwa ule muda mfupi sana ambao makali yanapita, na huukaza ukuta wake kutoka ndani usibonyee. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo chupa ya lita moja na nusu hubaki imara mbele ya upanga kuliko ya nusu lita ambayo ina theluthi tu ya uzito huo. Ndiyo maana, kinyume cha wanavyodhani wengi, chupa kubwa ndiyo ya kuanzia na chupa ndogo ndiyo ya fainali.

Chupa ijazwe hadi mdomoni na kizibo kikazwe. Ikiachwa nafasi ya hewa juu, sehemu hiyo ya ukuta hukosa cha kuishikilia, na mkato ukianzia hapo plastiki hujikunja badala ya kukatika. Lebo ziondolewe zote, kwa kuwa lebo huviunganisha vipande viwili ambavyo tayari vimekatika, jambo linaloleta mabishano yasiyo ya lazima wakati wa kutoa alama, na gundi yake huganda kwenye chuma. Chupa za soda zioshwe vizuri kabla ya kujazwa maji safi, maana mabaki ya sukari hunata kwenye makali na kuwaita nyuki. Soda yenyewe isitumiwe kamwe kama kijazio: ina tindikali inayoushambulia upanga, na gesi yake huifanya chupa ilipuke badala ya kukatwa.

Jambo ambalo waandaaji wengi hulipuuza ni usawa wa shabaha. Chupa za maji ya kunywa huwa na ukuta mwembamba na laini. Za soda huwa ngumu zaidi, kwa sababu zimetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi. Na baadhi zina mikunjo ya mviringo inayoweza kuyapotosha makali. Mshindani mmoja akipewa chupa nyembamba na mwenzake akapewa ngumu, alama zao hazilinganishiki tena. Katika raundi moja, chupa zote ziwe za aina moja, ujazo mmoja na umbo moja, na zile ambazo kitako chake kimepinda ziwekwe kando kwa mazoezi. Hesabu ifanywe mapema: washiriki 8, wakipewa chupa tatu kila mmoja katika raundi tatu, wanahitaji chupa 72, bila kutaja za fainali, za ziada kwa ajili ya majaribio na za kuamulia sare. Zote ziwe ambazo tayari zimekwisha kutumika, kwani kununua maji ili kuyamwaga ni ufujaji ambao shindano la kirafiki halina sababu ya kuufanya.

Upanga

Panga nyingi zinazotundikwa ukutani ni mapambo. Hung'aa, zimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na msuka wake, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini, mara nyingi ni fimbo nyembamba iliyochomelewa. Upanga wa namna hiyo ukizungushwa kwa nguvu unaweza kukatika pale mpini unapokutana na chuma, nao upanga usio na mpini huruka bila mtu kujua unakoelekea. Upanga wa shindano uwe wa chuma cha kaboni kilichotiwa ugumu ipasavyo, wenye msuka mpana unaoingia hadi mbali ndani ya mpini, na uzito wake usiwe wa kuuchosha mkono. Upanga wa mikono miwili kwa kawaida huwa na uzito wa kilo moja hadi kilo moja na nusu hivi, na mzito zaidi ya hapo haukati chupa vizuri zaidi.

Kabla ya shindano, na tena kila upanga unapobadilisha mikono, mtu mmoja aliyeteuliwa aukague. Ausukesuke taratibu na kusikiliza kama kuna kitu kinachogonga ndani ya mpini. Atazame kama kikinga mkono kimelegea. Kwa upanga wa Kijapani, ahakikishe kwamba kijiti cha mwanzi kinachoufunga mpini kwenye msuka hakijachomoza wala kupasuka. Kisha aangalie makali yote kwa mwanga kutafuta mapengo na nyufa. Upanga wenye shaka yoyote huondolewa mashindanoni siku hiyo, hata kama mwenyewe anaapa kwamba umekuwa hivyo miaka yote.

Makali hupimwa kwa karatasi: ukiishika karatasi kwa mkono mmoja na kuuvuta upanga juu ya ukingo wake, inapaswa kukatika bila kuchanika. Upanga butu unaweza kuipasua chupa kwa kasi tu, lakini hauwezi kumwonyesha mkataji kama amekata vizuri, na kwa hiyo hauna kazi hapa. Mimi napendelea washiriki wote watumie upanga mmoja uliokubaliwa, kwa sababu huondoa visingizio; wakitumia upanga mmoja, mpangilio wa wakataji ugeuzwe kila raundi ili asiwepo anayepata makali yaliyochoka kila mara. Sheria za kumiliki na kubeba panga zenye makali hutofautiana kati ya mahali na mahali, na mwandaaji ana wajibu wa kuzisoma kabla ya kumwalika mtu yeyote.

Uwanja na nguzo ya shabaha

Uwanja uwe wa wazi, wenye ardhi sawa, na pasiwe na mtu wala mnyama ndani ya mita sita kutoka kwenye nguzo isipokuwa mkataji peke yake. Watazamaji wakae nyuma yake, nje ya kamba iliyofungwa mapema. Pande za kushoto na kulia ziachwe tupu kabisa, kwa sababu huko ndiko upanga unakopita na ndiko kipande kilichokatika kingeelekea. Mwamuzi asimame nyuma, upande usio wa mkono unaokata, naye ndiye mwenye neno la "anza" na la "simama". Neno la pili linaweza kutamkwa na mtu yeyote aliyepo, na likitamkwa upanga hushushwa hapohapo bila kuuliza sababu.

Nguzo bora ni ya mbao laini, yenye kitako kipana kilichokandamizwa kwa mifuko ya mchanga, na juu yake kibao kisichozidi sana ukubwa wa kitako cha chupa. Karibu na kibao pasiwe na msumari wala skrubu, kwa kuwa ipo siku upanga utashuka kuliko ilivyokusudiwa, na ni afadhali ukutane na mbao kuliko chuma. Kitako cha chupa kiwe takriban usawa wa kitovu cha mkataji, ili katikati ya chupa kubwa iwe chini kidogo ya kifua. Washindani hawalingani kwa kimo, kwa hiyo vibao viwili vitatu vya kuongeza urefu viwekwe karibu.

Maji ndiyo hatari ambayo huwajia watu polepole. Baada ya chupa kumi, ardhi mbele ya nguzo imekuwa tope, na mguu unaoteleza katikati ya pigo huupeleka upanga pasipojulikana. Nguzo ihamishwe mara kwa mara au mchanga mkavu umwagwe. Kila mkataji avae viatu vilivyofunika mguu na miwani ya kulinda macho. Awe mtu mzima, asiwe amekunywa kileo, na asivae shela wala mikono mipana ya nguo. Upanga mmoja tu ndio huwa nje ya ala kwa wakati wowote, na haupokezwi mkono kwa mkono: anayemaliza huuweka mezani, naye anayefuata huuchukua kutoka mezani. Sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji za kutosha za kuzuia damu liwe karibu, pamoja na mtu anayejua kulitumia.

Mkato wenyewe

Mkato wa kuanzia ni wa hanamu, ukishuka kutoka juu ya bega la kulia kuelekea chini kushoto, kwa pembe ya takriban digrii 45. Pembe hiyo ina faida zake. Pigo la mlalo huisukuma chupa pembeni moja kwa moja na kuiangusha kwa urahisi; pigo la wima huukuta mdomo na kizibo, ambapo plastiki ni nene kuliko mahali pengine, kisha hushuka hadi kwenye nguzo. Pigo la hanamu hugawanya msukumo wake, na sehemu yake huikandamiza chupa juu ya kibao badala ya kuirusha.

Miguu ndiyo inayopaswa kupangwa kwanza. Anayekata kutoka kulia kwenda kushoto atangulize mguu wa kulia na kuuacha wa kushoto nyuma, kwa sababu upanga ukishapita chupa huendelea kushuka upande wa kushoto, na goti lililotangulizwa huko linakuwa katika njia yake. Anayekata kutoka kushoto hufanya kinyume. Sharti hili lifuatwe hata katika mazoezi ya fimbo, ili siku ya upanga mwili ulifanye bila kufikiri.

Umbali hupimwa upanga ukiwa bado ndani ya ala. Mkataji anyooshe mikono na kuuelekeza kwenye chupa, kisha asogee hadi theluthi ya mwisho ya upanga ilale juu ya shabaha. Hapa hesabu ndogo inasaidia: chupa ya lita moja na nusu ina kipenyo cha karibu sentimita 9, kwa hiyo sentimita 9 za chuma lazima zipite ndani yake ili ukuta wa mbele na wa nyuma ukatike wote. Anayesimama mbali na kuigusa kwa sentimita 5 za ncha huikata nusu tu, nayo chupa hubaki ikining'inia kwa upande wa nyuma. Wanaoanza karibu wote husimama mbali mno, kwa woga, na si ajabu, lakini dawa yake ni kupima kila mara badala ya kukisia.

Mkono wa kulia hushika karibu na kikinga, wa kushoto mwisho wa mpini, na kati yake iachwe nafasi. Vidole vya mwisho ndivyo vinavyobana. Kidole gumba na cha shahada huelekeza tu. Mkataji anayeung'ang'ania mpini hukaza mikono hadi mabega, na mikono iliyokazwa huenda polepole. Nishati ya upanga hukua kwa mraba wa kasi yake, ilhali kwa uzito hukua kwa uwiano wa kawaida tu, kwa hiyo kasi ikiongezeka mara mbili nishati huwa mara nne. Mtu mwembamba aliyelegeza mabega humshinda mwenye misuli aliyejikaza, na huwa inapendeza kuliona hilo likitokea.

Hata hivyo, kasi bila unyoofu wa makali hairekebishi chochote. Njia rahisi ya kuujaribu unyoofu ni kuuzungusha upanga hewani, pole pole kwanza, bila shabaha. Upanga wenye mfereji ubavuni hutoa mluzi mkali na mfupi makali yakitangulia sawasawa, na sauti hiyo hufifia bapa likiinama. Kisha mkataji aanze kwa mwendo wa robo ya kasi, akitazama kama vifundo vya mikono yake vinaelekea kule makali yanakoelekea kutoka mwanzo wa pigo hadi mwisho. Kosa la kawaida ni kuzungusha viwiko au vifundo katikati ya njia, kwa hamu ya kuongeza nguvu pale upanga unapokaribia chupa. Upanga hauhitaji nyongeza hapo. Unahitaji kuachwa uendelee. Pigo lilenge mahali palipo nyuma ya chupa, si juu yake, na lisimamishwe kwa utulivu ncha ikiwa kwenye usawa wa goti, nje ya mwili.

Kuisoma chupa na kutoa alama

Vipande viwili vinavyobaki hueleza karibu kila kitu. Chupa ikiruka ikiwa na bonde ubavuni lakini haina mkato, bapa ndilo lililoigusa. Mkato uliopinda kama kijiko huonyesha kwamba vifundo viligeuka njiani. Ukuta wa mbele ukiwa umekatwa vizuri na wa nyuma umechanika, ama ncha haikufika, ama kasi iliisha mapema. Ukingo uliovutika na kupauka rangi ni dalili ya makali butu. Mkato safi huacha ukingo mlaini ulio katika uso mmoja tambarare, na nusu ya chini ya chupa hubaki imesimama juu ya kibao ikiwa na maji yake. Hiyo ndiyo picha ambayo kila mshindani anaitafuta.

Kwa msingi huo, mfumo wa alama unaweza kuwa mfupi. Mkato kamili ambao nusu ya chini imebaki imesimama hupata alama 3; mkato kamili ambao nusu ya chini imeanguka hupata 2; chupa iliyokatwa bila kutengana hupata 1; na iliyoruka au kubonyea haipati kitu. Upanga ukigusa nguzo, alama moja hupunguzwa. Mkataji akivunja sharti la usalama hukosa raundi nzima, na kwa hili mwamuzi asishawishiwe na urafiki.

Sare hutatuliwa kwa ubao tambarare. Nusu za juu za chupa, zikiwa na vizibo vyake, huwekwa juu ya ubao kwa upande uliokatwa, na ile ambayo ukingo wake unagusa ubao kuzunguka pande zote ndiyo iliyokatwa kwa unyoofu zaidi. Kipimo hiki hakimtegemei mwamuzi wala hadhira, na kimezima mabishano mengi kabla hayajapamba moto.

Mpangilio wa raundi

Raundi ya kwanza iwe ya chupa kubwa, hanamu kutoka upande wenye nguvu. Ya pili iwe chupa zilezile, hanamu kutoka upande dhaifu, na hapa ndipo orodha ya wanaoongoza hupinduka, kwa kuwa wengi hawajawahi kuufundisha upande huo. Ya tatu ni ya mikato miwili katika chupa moja: wa kwanza juu, karibu na mabega ya chupa, na wa pili katika kisiki kilichobaki, ambacho sasa kimepungua uzito na hakina kizibo. Mkato wa pili upigwe baada ya mwamuzi kuruhusu, si kwa mfululizo, isipokuwa wote waliofika hapo ni wazoefu. Fainali iwe ya chupa za nusu lita.

Kuna michezo ambayo mtu atapendekeza, kwa hakika, mara tu shindano litakapochangamka: kurusha chupa hewani, kuishikilia kwa mkono, kukata macho yakiwa yamefungwa, au watu wawili kukata kwa pamoja. Yote yakataliwe tangu siku ya mwaliko, kwa maandishi, ili mwamuzi asilazimike kubishana akiwa uwanjani. Mikato inayopanda kutoka chini nayo iachwe kwa wale ambao wamefundishwa, kwani huipeleka ncha juu ambako mkataji anayeanza haudhibiti tena upanga.

Baada ya chupa ya mwisho

Vipande vya plastiki vina kingo kali kuliko vinavyoonekana, kwa hiyo viokotwe kwa glavu, na uwanja upitiwe tena kutafuta vile vidogo kabla ya kamba kufunguliwa. Chupa zilizokatika zikusanywe pamoja na kupelekwa kunakopokelewa plastiki.

Upanga ufutwe maji mara kwa mara hata katikati ya shindano, na usirudishwe ndani ya ala ukiwa na unyevu, kwa sababu ala ikilowa ndani huendelea kuutia kutu kwa siku nyingi. Mwishoni ufutwe kwa kitambaa kikavu, kitambaa kikienda kutoka upande wa mpini kuelekea ncha na kubanwa kutoka upande wa mgongo, kisha upakwe mafuta mepesi ya mashine kwa tabaka jembamba. Uchunguzwe tena kesho yake, hasa pale chuma kinapoingia kwenye kikinga, ambako matone hujificha, na madoa ya kutu yakionekana yasuguliwe kwa mafuta hayohayo yangali mapya.